Mimba Mbili za Farasi Wetu

Mimi si mtu wa kuongea. Nikisimama mbele ya darasa sauti inanikimbia, na mwalimu wa Kiswahili alishachoka kunisubiri. Ndiyo maana naandika. Habari ya farasi wetu watu wa Gendabi wanaijua, ila wanaisimulia kama kichekesho, kilabuni na hata nje ya kanisa baada ya ibada, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Sijawahi kuona kinachochekesha.

Nianze na alivyofika kwetu. Shamba la ngano lililoko bondeni, upande wa kwenda Getanuwas, lilikuwa la serikali tangu kabla sijazaliwa. Baba alikuwa saisi pale, yaani mtunza farasi, kwa sababu walinzi walizunguka mashamba kwa farasi kufukuza ng'ombe wa watu wasiingie kwenye ngano. Lilipouzwa kwa mwekezaji, wafanyakazi wa zamani waliambiwa kila mtu achague kitu kimoja aondoke nacho. Wenzake walichukua mabati, tairi za trekta, pampu. Mmoja alichukua mlango wa ofisi, na mpaka leo ndio mlango wa choo chake. Baba alikuja nyumbani na farasi jike mdogo, rangi ya majivu, sikio la kushoto limechanika.

Bibi, mama yake baba, alimwangalia yule mnyama kuanzia kwato hadi masikio, akasema, "Wenzako wanaezeka nyumba. Wewe umeleta mdomo."

Bibi ni mtu wa Tumati, na watu wa kule juu hawapambi maneno.

Kijijini punda ni wengi, farasi alikuwa wetu peke yake. Watoto walimfuata barabarani. Lakini mwaka mvua ilipokata barabara, huyo huyo farasi ndiye aliyembeba mama kumpeleka hospitali Katesh. Mama alikufa kule kule, na aliyemrudisha ni farasi yule, baba akitembea mbele ameshika kamba. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hakuna aliyemtania baba juu ya farasi wake akiwepo. Wanunuzi walikuja mara mbili tatu, baba akawakaribisha chai, akawasindikiza, basi.

Mkoa wetu ulikuwa bado mpya, barua za shule bado zinagongwa muhuri wa Arusha, na mimi nikiwa kidato cha tatu, siku meneja wa shamba alipokuja nyumbani na gari. Alimsalimia baba kwa mkono. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mtama, na meneja akampita bila shikamoo. Bibi alisimamisha ungo mpaka yule mtu amalize kupita.

Meneja alieleza shida yake bila kuzunguka. Mwekezaji alikuwa na farasi jike wa mashindano, wa kuruka viunzi, aliyeletwa kwa ndege. Walitaka mtoto wake, lakini hawakutaka abebe mimba, maana akibeba atakaa bila kushindana mwaka mzima. Kwa hiyo daktari angemtoa yai likiwa limeshatungwa, aliweke ndani ya farasi jike mwingine, huyo mwingine ndiye abebe na kuzaa na kunyonyesha. Majike ya kubebea walikuwa nayo, ila ugonjwa wa farasi uliyafagia baada ya mvua. Wetu alikuwa ameuugua akiwa mdogo, akapona.

"Akizaa salama," meneja alisema, "mwakani dume letu litampanda bure, na mtoto atakuwa wako."

"Na asipozaa?" baba aliuliza.

"Ikiwa ni bahati mbaya, mtachukua farasi wenu. Ikiwa ni uzembe wenu, anakuwa wetu."

Baba aliangalia upande wa bondeni. Najua alichokuwa anakiona, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimekiona. Nyuma ya mazizi ya shamba kulikuwa na mbwa wa meneja, wakubwa kama ndama, na pipa la kuwapikia. Siku moja nilipompelekea baba chakula, alipokuwa akiitwa kule kwa vibarua, niliona ukwato umeegemea pipa lile. Farasi wa shamba akiwa hafai tena, njia yake ilikuwa hiyo. Baba mwenyewe alishawahi kutumwa kuwapeleka, kwa sababu farasi walimfuata bila kuvutwa.

Lakini mtoto wa farasi, wa kwetu, wa mbegu ya dume lile. Baba alimpa meneja mkono mbele ya dereva wake, na gari likaondoka.

Daktari wa mifugo alikuja wiki iliyofuata. Huyu alivua kofia tangu uani. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe umezaliwa na watu," bibi alimjibu, na alisema kwa sauti, kana kwamba meneja anasikia huko aliko.

Daktari alikuwa mzee mnene, mwenye mzaha, anayependa kueleza kazi yake. Alimchoma farasi wetu sindano shingoni, akasema ile ni ya kumleta kwenye joto, na yule wa mwekezaji naye ameshachomwa yake, ili miili yao iende pamoja. Tumbo la anayepokea lisipokuwa limejiandaa siku zile zile na la anayetoa, yai linakufa. "Ni kama mgeni akukute umeshazima jiko," alisema. Tena akageuka kwa baba, mzaha umemtoka. "Sasa nisikilize. Mpaka nimchukue, afungwe peke yake. Ale hapa, anywe hapa. Asikutane na dume."

Baba alimuuliza kwa nini asikae shambani siku hizo. Daktari alisema meneja hataki farasi wa kijijini alale na wake mpaka majibu ya damu yarudi kutoka Arusha. Baba akapiga kigingi nyuma ya nyumba, akamfunga.

Hapo inabidi nieleze kitu ambacho mtu wa kutoka mbali hawezi kukijua. Kwetu nyumba zinachunga kwa zamu. Leo mtu huyu anapitia mifugo ya wote, kesho yule. Na mnyama aliyeachwa nyuma peke yake, wenzake wakiwa malishoni, ana maana yake. Zamani huko Mbulu, nyumba iliyopatwa na kifo cha aina fulani, mtoto wa ziwa au mimba iliyoharibika, ilijitenga. Bibi anaita metimani. Hamchoti maji na wenzenu, hamshikani mikono na watu, na mifugo yenu inakula peke yake mpaka muda uishe, ili mkosi usiwapate wengine. Kanisani wanasema hayo yamepita, na watu wanaitikia kwamba yamepita. Lakini ukiona mnyama wa mtu kafungwa peke yake asubuhi nzima, miguu yako yenyewe inakupitisha mbali.

Siku ya kwanza wanawake wawili waliokuwa wanakuja kusaga kwetu waliishia barabarani. Mmoja aliita, "Mama, kwenu kuna nini?"

"Kwetu kuna afya," bibi alijibu.

Hawakuingia.

Jioni bibi alimkabili baba. "Nani amekufa humu ndani?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni maagizo ya daktari."

"Daktari analala wapi? Arusha. Mimi nalala hapa. Nimezika mume hapa, nimezika mkwe wangu hapa, nikakaa nilivyotakiwa kukaa, na muda ukaisha. Leo unitangazie kifo ambacho hakipo? Kifo kikitangazwa kinasikia."

"Ni siku chache tu."

"Kifo hakihesabu siku."

Baba alidhani maneno yameisha. Kesho yake aliitwa shambani kumsaidia daktari na yule farasi mwingine. Mimi nilikuwa shuleni. Zamu ya kuchunga ilikuwa ya jirani yetu mfugaji, mtu wa ng'ombe wengi na utani mwingi, ambaye huwa anachunga pamoja na punda wake. Alipopita asubuhi na kupiga mluzi, bibi alikwenda nyuma ya nyumba akamfungua farasi, akamtia kwenye kundi kwa mkono wake mwenyewe.

Niliporudi nilikutana na jirani yule njiani. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Mwanangu, mwambie baba yako tumekuwa wakwe. Punda wangu ameoa kwenu. Mahari atalipa kwa kubeba maji."

Sikujibu, mimi huwa sijibu. Baba aliambiwa na jirani huyo huyo, maana naye alimpitia mlangoni kumtania. Baba hakumfokea bibi. Aliingia ndani akakaa kwenye kitanda cha mama, viatu vya mpira vikiwa bado miguuni. Kuanzia jioni ile hawakusemeshana. Walinitumia mimi, hata tukiwa tumekaa sote watatu kwenye jiko moja.

"Mwambie bibi yako apitishe chumvi."

"Mwambie baba yako chumvi iko karibu yake kuliko karibu yangu."

"Mwambie akitaka chochote kingine kifunguliwe humu ndani, anijulishe."

"Mwambie mimi nilifungua mnyama. Yeye ndiye aliyemkodisha tumbo kama mtungi."

Wakati mwingine walisahau kusema "mwambie", wakakumbuka katikati, wakarudia.

Baba angeweza kumwambia daktari. Niliwaza hivyo, nikasubiri. Lakini uzembe ulikuwa tayari umetokea, na baba alikuwa ameshampa meneja mkono. Nadhani alitegemea kwamba kwa punda na farasi si mara zote mimba inashika. Siku ya kuweka yai ilipofika, shule ilikuwa imefungwa, akanichukua nikamshikie farasi kichwa kwa kuwa ananizoea. Daktari aliuliza akiwa anavaa glavu ndefu mpaka begani, "Hajakutana na dume, mzee?"

Baba alisema, "Kijijini kwetu hakuna farasi mwingine, daktari."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Sikumtazama baba. Niliangalia lile sikio lililochanika.

Walianza na wa mwekezaji. Alikuwa mwekundu, anang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu, na alikuwa amefungwa bandeji miguuni ingawa haumwi. Daktari alipitisha mrija kwenye mlango wa uzazi, akaning'iniza juu mfuko wa maji ya vuguvugu, maji yakaingia tumboni, yakarudi kwa mrija mwingine kupitia kichujio kidogo. Alifanya hivyo tena na tena, huku anamkanda kwa mkono ulioko ndani. Vijana wa mazizi walikuwa wanacheka.

"Daktari anasuuza sufuria."

"Tulia, anatafuta ukoko."

Kile kichujio alikipeleka kwenye meza yenye hadubini, akainama muda, halafu akaniita mimi. Sijui kwa nini mimi. Niliweka jicho. Kulikuwa na kitu cha mviringo, angavu, chenye ukingo, kama tone la mafuta linaloelea juu ya mchuzi. Hakikufanana na farasi wala na kitu chochote.

"Hicho ndicho kinaweza kununua kijiji chenu," daktari alisema. Huku akilinyonya kwenye kamrija kembamba alisimulia. Kazi hii ilipoanza, walikuwa wanamlaza farasi na kumpasua ubavuni, yai liingizwe kwa kisu, na majike mengi yalikufa kwa vidonda. Baadaye wakajua kupita mlangoni bila kisu, kama yeye leo. Na kabla hawajajua kulipoza yai kwenye boksi la baridi likasafiri, walilisafirisha ndani ya sungura.

"Sungura?" baba alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tufike.

"Sungura, mzee. Unaweka yai la farasi ndani ya sungura jike, mwili wake unalitunza safari nzima. Ukifika unamchinja sungura, unalitoa."

"Na sungura?"

"Si nimekwambia, anachinjwa." Alicheka. "Sasa hivi huko nje wanachukua yai bichi kwa sindano, wanalipandisha mbegu kwenye kisahani, jike na dume hata hawajuani. Sisi huku bado tunasuuza sufuria."

Farasi wetu alisimama vizuri. Mrija ulipoingia alipumua tu kwa nguvu kwenye kwapa langu.

Baada ya wiki tulirudi kwa kipimo. Daktari aliingiza mkono wenye kifaa cha mashine, na kwenye kioo kidogo kukaonekana mvua ya weupe na weusi. Akatafuta. Kukatokea duara jeusi, safi kabisa, kama jicho.

"Ameshika," alisema. Meneja aliyekuwa amesimama mlangoni akaitikia kwa kichwa, na baba akaegemea ukuta. Nilimwona akifunga macho.

Daktari hakutoa mkono. Aliusogeza kidogo. Likatokea duara la pili.

Vijana wa mazizi walisogea karibu na kioo. Daktari aliyaangalia yale maduara mawili kwa muda, akayarudia, akapima moja, akapima la pili. Halafu bila kugeuka akauliza taratibu, "Mzee. Kijijini kwenu kuna punda?"

Baba alisema, "Punda wako."

"Wako," daktari alirudia. "Ni kweli hukunidanganya. Hukuniambia tu."

Alimweleza meneja kama anavyoeleza kila kitu, ila sauti imeshuka. Moja ni yai la mwekezaji. Moja ni la farasi huyu mwenyewe kwa punda, nyumbu, wa kufugwa, si wale wa porini. Farasi hawezi kulea wawili. Wakiachwa wote, atawatoa wote mimba ikiwa kubwa, na huenda akafa nao. Moja lazima livunjwe leo, likiwa bado linatembea tumboni, kesho kutwa litakuwa limejishika na haitawezekana.

"Toa yote, weka jipya," meneja alisema.

"Jipya liko wapi? Mwenye nalo keshapandishwa lori kwenda mashindanoni. Ni hili hili."

"Basi vunja la punda."

"Nionyeshe la punda ni lipi," daktari alisema.

Yale macho mawili meusi yalikuwa yanatuangalia kutoka kwenye kioo. Daktari alieleza kwamba moja ni dogo kidogo kuliko jingine. Farasi wetu alichelewa kidogo kwenye joto nyuma ya yule mwingine, kwa hiyo la kwake lingetakiwa kuwa dogo. Lakini yai lililohamishwa nalo huwa linadumaa kidogo kwa misukosuko ya safari. Kwa hiyo dogo linaweza kuwa lolote. Aliongeza kwamba mbele ya safari kuna kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha ni mimba gani, ila kinafanyika mbali.

"Hakuna haja," meneja alisema. "Tutajua kwa masikio." Kisha akamgeukia baba, kwa upole kabisa, kama anayemweleza njia ya kwenda stendi. "Yakiwa mafupi, makubaliano yetu yako pale pale. Yakiwa marefu, unajua mbwa wangu wanakula nini."

Daktari alisema, "Navunja dogo." Alisema kama mtu anayeuliza. Nilihisi farasi akikaza shingo, akainua kichwa na mimi nikainuka naye. Hakulia. Kwenye kioo lile duara lilibonyea, likawa refu, likapotea, pakabaki kama moshi. Jicho moja limefumba, moja limebaki wazi. Daktari alitoa mkono, akavua glavu akaitupa kwenye ndoo, na hakutania tena siku ile.

Farasi alibaki shambani. Meneja hakumwamini tena mtu yeyote kijijini. Baba alikubaliwa kumtunza kule kule, akawa anakuja nyumbani Jumapili tu.

Miezi ile shuleni niliitwa shemeji wa punda. Mvulana mmoja wa darasa letu alikuwa ananyoosha mikono kichwani kama masikio kila ninapoitwa kujibu swali, na mimi nilikuwa hata siwezi kusema sijui. Nilikuwa nasimama tu mpaka niambiwe nikae. Nyumbani bibi alikuwa anaomba. Alikuwa anapiga magoti kando ya kitanda, anamwambia Mungu waziwazi, kwa Kiiraqw na Kiswahili kwa zamu, kwamba amfanye mtoto yule awe farasi. Siku moja nilimsikia anasema, "Kama ameshakuwa punda, mgeuze. Kwako ni kazi ndogo." Baba akija Jumapili alikuwa anamletea sukari, anaiweka mezani, anasema, "Mwambie bibi yako sukari." Bibi anasema, "Mwambie ahsante." Bado.

Tumbo lilikua. Nilimwendea siku za likizo. Nikimwekea mkono ubavuni nilikuwa nahisi teke, na nilikuwa najaribu kujua ni teke la nani. Baba naye alikuwa anaweka mkono pale pale. Hatukuwahi kuulizana.

Alizaa alfajiri moja ya kiangazi, mlima Hanang ukiwa wazi hauna wingu. Mimi nilifika na uji asubuhi, sijui lolote. Baba alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa zizi, mikono imelegea katikati ya magoti. Ndani farasi wetu alikuwa anamlamba mtoto, mwili wote bado umelowa, miguu mirefu inatetemeka. Alikuwa mzuri. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa ndicho nilichokiona kwanza. Halafu akageuza kichwa kutafuta ziwa, na masikio yakageuka naye, marefu, mazito, yameanguka pembeni kama majani ya mgomba.

Meneja alikuja na kikombe chake cha kahawa. Aliangalia, akanywa, akaangalia tena.

"Chukua kilicho chako," alimwambia baba. "Acha kilicho changu."

Baba alisimama. Sikuwahi kumsikia akimbembeleza mtu. "Naomba amnyonyeshe kwanza. Bila maziwa ya kwanza huyu hafiki kesho. Naomba mpaka amwachishe, meneja. Nitamlisha mimi mwenyewe."

"Mpaka saa sita mchana."

"Meneja, ni mama yake."

"Mama yake ni uzembe wako," meneja alisema, akaondoka na kikombe chake.

Tulimwacha anyonye. Kila alipomaliza baba alimrudisha tena kwenye ziwa, anamsukuma taratibu kwa kiganja, anyonye hata akiwa ameshiba. Jua lilipofika juu, vijana wa mazizi wakaleta mkokoteni. Hawakutania. Mmoja alisema, "Pole mzee," mwingine akaangalia pembeni. Tulimfunga nyumbu miguu kwa kamba ya katani, tukampakia juu ya nyasi, mimi nikakaa naye nimeshika kichwa. Farasi wetu aligonga mlango wa zizi kwa kifua. Aliita. Mtoto akajibu, sauti isiyo ya farasi wala ya punda, na akaendelea kujibu mpaka tulipopita mashamba yote ya ngano.

Bibi alitupokea uani. Aliona masikio. Alikwenda kukamua ng'ombe, akachanganya maziwa na maji ya vuguvugu na sukari ile ya Jumapili, akamnywesha kwa chupa ya soda yenye kipande cha mpira wa baiskeli mdomoni.

Kesho yake baba alirudi shambani kwa sababu aliitwa. Hakutueleza aliitiwa nini, na sisi hatukumuuliza. Farasi wote walimfuata baba bila kuvutwa, hilo meneja alilijua. Jioni alirudi amebeba kamba ya kichwani, ile aliyompeleka nayo mama hospitali. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikaa. Mikono yake ilikuwa inanuka sabuni.

Bibi alimwangalia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya punda, alimsemesha mwenyewe.

"Amekwenda kwa amani?"

"Alinifuata," baba alisema.

Basi. Mimi sikuhitajika katikati.

Asubuhi nilisikia kitu kinagongwa nyuma ya nyumba. Nilitoka nikakuta baba ameshika kigingi na bibi ndiye anagonga, mzee yule, kwa jiwe, nywele zimefunguka kwenye kitambaa. Walikuwa wameshapiga vigingi vingine. Ng'ombe wetu wawili walikuwa wamefungwa, mbuzi wamefungwa, na nyumbu mdogo amefungwa karibu na ukuta ambako jua linaanza. Ndoo yetu ya maji ilikuwa imetengwa kando ya mlango, kichwa chini.

Jirani mfugaji alipita na kundi, akapiga mluzi kama kawaida. Alipoona mifugo yetu haitoki alikuja mpaka kwenye ua, tayari ameshafungua mdomo kwa utani wake. Bibi alinyoosha mkono kumzuia asisogee.

"Pitisha wako," alimwambia. "Wetu wanakula peke yao."